Kigango cha babu yetu kikirejea kutoka Marekani, kisimikwe wapi?

Mjukuu wa Kaloleni anauliza:

Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo ambalo limekaa katika familia yetu kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa haliwezi kuahirishwa tena, kwa hiyo naliweka mbele yenu nikiomba ushauri wa wanaoyafahamu mambo ya vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa za kuwakumbuka wahenga, na mambo ya makumbusho.

Babu wa baba yangu alikuwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima cha sisi Wagiriama wa pwani ya Kenya. Baada ya kufariki alimjia mwanawe usingizini, mara ya kwanza na mara ya pili, akilalamika kwamba wenzake wana mahali pa kukaa na yeye hana. Basi kigango chake kikachongwa kwa gogo la mhuhu, kikasimikwa chini ya mkwaju mbele ya mji, yaani makazi ya ukoo wetu, kando ya koma, nguzo ndogo za kumbukumbu, za ndugu zake. Hapo ndipo alipopewa tembo la mnazi na kuelezwa habari za nyumbani, nani ameoa, nani anaumwa, mvua imechelewa kwa muda gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walikuja usiku wakakikata kwa msumeno. Nyanya, Mungu amrehemu, alitusimulia kwamba asubuhi ile alikuta unga wa mbao juu ya majani, mbichi na wenye harufu nzuri, na kile kitambaa cheusi alichokuwa amekifunga kigango kiunoni kimetupwa pembeni. Sehemu iliyokuwa ardhini waliiacha. Baba mdogo anasema mpaka leo tako hilo limo mle mle.

Tuna picha moja tu, iliyopigwa mwaka 1978 siku shangazi alipoolewa. Nyuma ya bega la nyanya kigango kinaonekana kuanzia kifuani hadi kichwani. Kichwa ni cha mviringo, bapa kama sahani, na katika safu ya tatu ya pembetatu zilizochongwa kifuani kuna moja ambayo ncha yake inatazama juu ilhali nyingine zote zinatazama chini. Marehemu baba alikuwa akisema mchongaji alikosea. Baba mdogo anashikilia kwamba alifanya kusudi.

Katika miaka ya karibuni vigango vingi vimerejeshwa Kenya. Vile 30 vya jumba la makumbusho la Denver, Marekani, vilifika mwaka 2019, na vingine 37 vya jumba la makumbusho la jimbo la Illinois vilirejeshwa mwaka 2023. Huenda chetu kimo miongoni mwao, na huenda bado kimo ng'ambo. Ninauliza mambo mawili. Kwanza, familia kama yetu ithibitishe vipi kwamba kigango fulani ni chake? Pili, kikipatikana kisimikwe wapi? Ardhi ile tuliiuza mwaka 1996 na sasa ni shamba la mikorosho la mtu mwingine, mwungwana ambaye hajatukataza kuingia. Baba mdogo anataka kirudi pale pale. Wadogo zangu, ambao ni watu wa kanisa, wanasema kibaki makumbusho, kwa sababu kitaibwa tena na kwa sababu hawataki kumwagia mti tembo.

Nimalizie kwa neno lililoniuma. Katika ofisi moja tuliyokwenda kuulizia, tuliambiwa kwamba vigango vingi vilichukuliwa mahali ambapo vilikuwa vimeachwa, na kitu kilichoachwa hakina mwenyewe. Nilitoka nje bila kujibu, na jibu sinalo hata leo.

Mworodheshaji anajibu:

Ndugu Mjukuu, nimefanya kazi ya kuorodhesha vitu katika ghala la makumbusho kwa miaka mingi, na nitajibu swali la kwanza kwa kuwa ndilo ninaloliweza. Picha hiyo ni mali kubwa kuliko mnavyodhani. Karibu vigango vyote vilivyoko ng'ambo havina jina la aliyekumbukwa, havina jina la kijiji, na mahali pa asili pameandikwa tu "Kenya" au "Giriama". Aliyeviuza hakuwa na haja ya kuandika zaidi, maana kuandika zaidi kungekuwa kukiri.

Kisa kinachofanana na chenu ni cha Chalani, huko huko upande wenu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa pamoja na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masomo ya Kiafrika huko Marekani, Udvardy alitazama picha za mkusanyo mmoja wa Illinois zikionyeshwa ukutani, akakitambua kimojawapo. Cha pili kilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Yeye na mwenzake Linda Giles, wakishirikiana na John Mitsanze wa makumbusho ya Kenya, waliitafuta familia na kuipata, ingawa mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Cha Illinois kilirejeshwa mwaka 2006, cha Hampton mwaka 2007. Bila picha ile ya 1985 pasingekuwa na la kuzungumza. Wakati wa uchunguzi huo walihesabu vigango 294 katika majumba 19 ya Marekani, na baadaye vikaonekana vingine zaidi.

Ni vyema pia mjue vilifikaje huko, kwa sababu njia ndiyo inayoonyesha pa kuulizia. Vijana wasio na kazi walilipwa pesa kidogo, wafanyabiashara wa Mombasa na Nairobi wakaviuza kama sanaa, maduka ya sanaa ya Marekani yakapandisha bei kwa kuwa umbo lile la ubao mrefu na kichwa cha mviringo liliwapendeza watu waliozoea sanaa yao ya kisasa, kisha matajiri waliovinunua wakavitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho na kupunguziwa kodi kwa thamani ya zawadi hiyo. Vile 30 vya Denver vilitolewa mwaka 1990 na watu wawili wa filamu wa Hollywood. Kwa hiyo majumba mengi yana faili lenye jina la mtoaji na mwaka wa zawadi, na mara nyingine jina la duka. Ombeni faili hilo kwa barua. Msiombe kigango kwanza.

Sasa, hilo tako lililobaki ardhini. Nimesoma habari za vigango vingi vilivyorudi na sijawahi kukutana na ushahidi wa namna hiyo. Mbao ikikatwa, nyuso mbili za mkato huwa na umbo moja, nyuzi zile zile, pete zile zile za ukuaji, na mikwaruzo ya meno ya msumeno inayoendelea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mhuhu ni mti mgumu unaostahimili mchwa kuliko miti mingi. Kama tako lipo, basi mna kitu ambacho hakihitaji mwanasheria kukieleza. Msilichimbue. Ondoeni udongo wa juu kwa mikono au kwa brashi laini, pigeni picha mkiweka rula kando yake, kisha tandazeni karatasi nyembamba juu ya mkato na kuipitisha penseli taratibu mpaka mistari ya mbao ijitokeze.

Picha ya harusi nayo ipigwe nakala kubwa, na mwandike maelezo ya wazee waliokiona kigango kwa macho yao, kila mmoja kwa wakati wake, kabla hawajaketi pamoja na kukubaliana maneno.

Jambo la mwisho: kikirudi, ulizeni kilipakwa dawa gani. Majumba ya makumbusho yalizoea kupaka mbao sumu za kuua wadudu, na baadhi ya sumu hizo hukaa muda mrefu. Watoto wasikiguse, wala chakula cha sadaka kisiwekwe juu yake, mpaka mjue.

Mama wa Ganze anajibu:

Mwanangu, hilo neno "kimeachwa" lisikulaze macho. Nitakujibu kama nilivyosikia kwa baba yangu, ambaye naye alikuwa wa Gohu.

Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Mji ukihama, kwa njaa, kwa vita au kwa kuchoka kwa shamba, kigango hubaki pale kilipo, kwani anayekaa pale hakuhama. Mtu akipita leo akakikuta peke yake katikati ya majani marefu, hajakuta kitu kilichotupwa. Amekuta mtu aliyekaa nyumbani kwake. Wazee hawakuwaacha wahenga wao, waliwaachia mahali pao. Anayeshindwa kuona tofauti ya maneno hayo mawili asizungumzie vigango.

Tena tusisahau kwa nini miji mingi ya Wagiriama ilihama. Mekatilili wa Menza aliposimama mwaka 1913 kuwakataza watu kutoa vijana wao wakafanye kazi kwa Waingereza, serikali ya kikoloni ilimkamata na kumpeleka mbali, na mwezi Agosti mwaka 1914 ikailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Baada ya hapo watu waliokuwa wakiishi kaskazini ya mto Sabaki waliamriwa kuhama. Unamfukuza mtu kwenye mji wake, kisha mjukuu wako anakuja kusema kwamba kaburi la baba wa yule uliyemfukuza halina mwenyewe? Ninaandika haya mikono ikitetemeka, mwanangu, si kwa uzee peke yake.

Kuhusu pa kukisimika mimi nakubaliana na baba yako mdogo. Shamba limeuzwa, lakini mliuza mikorosho na udongo wa kulima. Hamkumuuza babu yenu. Nendeni kwa huyo mwungwana mkae naye chini, muandikiane kwamba eneo lile dogo chini ya mkwaju ni la kuzuru na halilimwi. Na kama kitaliwa na mchwa, kiliwe. Baba alituambia kwamba mti ule una umri wake kama sisi tulivyo na umri wetu, na kuoza mahali pako ni heshima. Kusimama milele chini ya taa huku watu wapita njia wakikutazama kifua si heshima hata kidogo.

Wadogo zako usigombane nao. Wanaweza kusimama pembeni na kuomba kwa Mungu wao wakati baba mdogo anamwaga tembo. Mimi mwenyewe ni Mkristo tangu mwaka 1967 na nimesimama hivyo mara nyingi.

Mchongaji wa Malindi anajibu:

Kwa heshima zote kwa mama aliyetangulia, ninaomba kuleta neno la upande wa pili, nalo linatoka mikononi mwangu na si vitabuni.

Mimi ni mchongaji. Zile pembetatu ndogo za kifuani, ambazo mgeni huziona kama urembo tu, hukatwa kwa mapigo matatu ya patasi: mawili ya kusimama na moja la kulaza linalong'oa kipande. Pigo la tatu likizidi nguvu, ukingo unapasuka na safu nzima imeharibika. Nilijifunza kina cha mkato ule kwa kukitazama kigango kilichohifadhiwa, kwa sababu mwalimu wangu alifariki kabla hajanifikisha hapo. Wachongaji waliobaki wanaoijua kazi hii kwa mpangilio wake wote ni wachache mno. Kama kila kigango kinachorudi kitasimikwa na kuachwa kioze, wanafunzi wangu watajifunza kwa kutazama nini?

Sisemi chenu kibaki makumbusho. Chenu kina mwenyewe, kina picha, kina tako lake ardhini, kirudi kwake. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kusimikwa mumruhusu mchongaji mmoja, awe mimi au mwingine yeyote, akae nacho siku mbili, apime kila safu, achore kila mkato. Na vile ambavyo havitapata familia kamwe, navyo ni vingi, mimi naona vikae katika makumbusho ya huku pwani, karibu na wanaojua majina ya sehemu zake, ambapo mzee wa kaya anaweza kuingia bila tiketi akasema navyo anachotaka kusema.

Na hiyo pembetatu inayotazama juu: mchongaji aliyefika safu ya tatu hakosei kwa kusinzia. Baba yako mdogo ana haki. Mkono ulioweza kukata zile nyingine zote ulijua unachofanya hapo.

Msomaji wa Moshi anajibu:

Ndugu zangu wa Kenya, natoa pole, na ninaomba niongeze jambo kutoka Tanzania kwa kuwa yetu ni mifupa, nayo inafundisha kitu kuhusu swali la pili.

Fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudi mwaka 1954 kutoka Bremen, likikabidhiwa na gavana Mwingereza, Edward Twining, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuiagiza Ujerumani ilirejeshe. Lilirudi Kalenga, nyumbani kabisa kwa Wahehe, na ukienda leo utalikuta ndani ya kisanduku cha kioo. Nililitazama nikiwa mwanafunzi, na kilichonikaa moyoni ni kwamba safari ndefu namna ile ilimtoa kwenye kabati la wageni ikamfikisha kwenye kabati la nyumbani. Kwetu Old Moshi, mtawala wetu Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 na watu wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa Berlin viliwapata jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro, mojawapo likiwa la mtu anayetajwa kuwa mshauri wake, lakini kichwa cha Mangi mwenyewe hakikuwamo.

Ushauri wangu ni mfupi. Kabla kitu hakijafika, familia iandikiane na serikali nani atakipokea uwanja wa ndege, nani atalipa gharama, na kitalala wapi usiku wa kwanza. Vile vya Denver viliamuliwa kurejeshwa mwaka 2014 na vikafika 2019, na sehemu ya ucheleweshaji huo ilikuwa ni suala la ushuru, kana kwamba mzee wa watu ni bidhaa inayoingizwa nchini. Mtu asiyeandika mapema hujikuta akisubiri nje ya lango.

Mjukuu wa Kaloleni anarejea:

Nawashukuru nyote, na hasa wewe mama wa Ganze, kwani nililisoma jibu lako kwa sauti mbele ya familia. Nilipofika kwenye "waliwaachia mahali pao" baba mdogo aliniomba nirudie, nikarudia mara tatu. Mdogo wangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mkali zaidi, hakusema neno, ila kesho yake alikuja na nakala kubwa ya picha ya harusi aliyoichapisha mjini kwa pesa zake mwenyewe. Sasa pembetatu ile inaonekana wazi hata kwa macho ya baba mdogo.

Barua ya kuomba mafaili nimeiandika na nitaituma wiki hii. Kwa mchongaji wa Malindi: familia imekubali siku mbili, na baba mdogo ameongeza ya tatu, kwa sharti kwamba na wajukuu waketi watazame.

Jumamosi iliyopita tulikwenda shambani. Mwenye shamba alitupokea, akatuonyesha kwamba tangu anunue hajawahi kupitisha jembe mahali pale, kwa sababu mzee aliyemuuzia, yaani baba yangu, alimwomba asipaguse na hakumweleza sababu. Tulikuwa hatulijui hilo. Baba mdogo alimwaga tembo, tukaondoa majani ya mkwaju na udongo kwa mikono, na kwa kina cha kiganja kimoja tulikutana na tako. Upande mmoja mchwa wamelila. Upande wa pili ni mgumu kama jiwe, na mikwaruzo ya msumeno ipo, imelala mshazari, kama saba hivi.

Karatasi tuliyobeba ilikuwa nene na mistari haikutoka vizuri. Mworodheshaji, nakuomba utuambie ni karatasi ya aina gani inayofaa na penseli ya ugumu gani, na je, tulifunike tako kwa kitambaa tunaposubiri, au tulirudishie udongo wake kama tulivyolikuta? Kwa sasa tumelirudishia.